Shajara ya Mradi: Nyumba ya Gardner-Pingree, Salem

Mwishoni mwa Januari

Mradi wetu ni kuandaa kijitabu cha Kiswahili kuhusu nyumba moja tu, pamoja na modeli yake ya mbao ya kipimo cha 1:50, kwa ajili ya wanafunzi wanaojifunza uhifadhi wa majengo ya kale. Nyumba tuliyoichagua ipo katika Barabara ya Essex namba 128, mjini Salem, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ilijengwa mwaka 1804 na kukamilika mwaka 1805 kwa ajili ya Kapteni John Gardner, na hujulikana zaidi kwa jina la mwenye kwanza na la familia iliyoimiliki mwisho: Gardner na Pingree. Kati yao alikuwapo Kapteni Joseph White, aliyeuawa humo kitandani mwake, na ndiyo maana baadhi ya kumbukumbu huiita nyumba ya Gardner, White na Pingree.

Wenzangu wawili walipendekeza nyumba kongwe zaidi za karne ya 17, zile za fremu za mwaloni na bomba moja kubwa la moshi katikati, ambazo hasa ndizo watu huzifikiria wanaposikia nyumba za mwanzo za Marekani. Nilipinga kwa sababu mbili. Nyumba ya Gardner ina msanifu anayejulikana kwa jina na kwa kazi zake nyingine, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kufuatilia mkono mmoja kutoka jengo hadi jengo. Sababu ya pili ni kwamba Salem ni mji ambao pwani yetu iliwahi kufanya nao biashara kubwa. Ni hii ya pili iliyowavutia wenzangu, na ndiyo inayonitia wasiwasi, kwani nimekwisha kuona rasimu ya tangazo la kijitabu inayosema kwamba nyumba hii ilijengwa kwa utajiri wa Unguja. Nimeomba sentensi hiyo isubiri hadi tutakapoipima kwa tarehe.

Katikati ya Februari

Tumemaliza mchoro wa uso wa mbele. Jengo ni la matofali, lina ghorofa tatu kwa hesabu ya Kimarekani ambayo huanzia sakafu ya chini, na kila ghorofa ina nafasi tano za mlango au madirisha zilizopangwa kwa ulinganifu kamili, huku mlango ukikaa katikati. Mikanda miwili ya marumaru nyeupe hukata ukuta kwa mlalo na kuonyesha ghorofa moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Juu kabisa, ukingo wa vijiti vya mbao huzunguka paa na kulificha, kwa kuwa paa lenyewe lina mteremko mdogo wa pande nne. Aliyesimama barabarani huona kama sanduku lililokamilika, lisilo na kichwa.

Jambo lililotuchukulia muda ni madirisha. Yale ya ghorofa ya juu ni mafupi kuliko ya chini yake, ingawa upana haubadiliki. Mchoraji wetu alidhani mwanzoni kwamba picha ilipigwa kwa pembe mbaya, lakini ufupi huo ulikusudiwa. Unalifanya jengo lionekane jepesi kadiri macho yanavyopanda, na pia unatuambia jinsi nyumba ilivyotumika, kwa sababu vyumba vya kupokea wageni vilikuwa chini na vile vya juu kabisa havikuhitaji fahari. Katika modeli, tofauti ya urefu wa madirisha ni ya milimita chache tu, lakini tulipojaribu kipande cha kadibodi chenye madirisha sawa juu na chini, ukuta ulionekana kama wa ghala.

Pambo kuu la nje ni ukumbi mdogo wa mlangoni, wa nusu duaradufu, unaobebwa na nguzo nyembamba zenye vichwa vya mtindo wa Kikorintho, yaani vyenye majani yaliyochongwa. Ndani yake kuna mlango uliozungukwa na vioo: kioo cha upinde juu, mfano wa kipepeo cha mkono kilichofunuliwa, na vioo vyembamba pande zote mbili. Ukuta mzima uliobaki ni mtupu. Huu ndio mtindo unaoitwa wa Kifederali, kwa kuwa ulishamiri baada ya Marekani kujitawala na kuunda serikali ya shirikisho, na asili yake ni Uingereza, katika kazi za ndugu wasanifu wa ukoo wa Adam. Msanifu Charles Bulfinch wa Boston ndiye aliyeupa nguvu huko New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, na Salem ikaupokea kwa namna yake.

Mwanzoni mwa Machi

Sura ya msanifu imekamilika kwa rasimu ya kwanza. Samuel McIntire alizaliwa Salem mwaka 1757, akafariki hapohapo mwaka 1811, na karibu kazi zake zote zimo katika mji huo na viunga vyake. Alitoka katika familia ya maseremala, akajifundisha usanifu kwa vitabu vya mifano vilivyotoka Uingereza, na aliishi kwa kuchonga: sanamu za omo la meli, viti, fremu, sanamu, rafu za meko. Mwaka 1792 alipeleka michoro katika shindano la kubuni jengo la Bunge la Marekani, asishinde. Orodha ya mali iliyofanywa baada ya kifo chake inataja patasi na bobari zipatazo 300, na nadhani takwimu hiyo inamweleza vizuri kuliko kurasa mbili za sifa nilizokuwa nimeziandika, kwa hiyo nimezifuta kurasa hizo.

Ni muhimu wanafunzi waione nyumba hii kama kazi ya mtu aliyekwishakomaa. Nyumba ya Jerathmiel Peirce, aliyoianza mwaka 1782, ni ya mbao na ina nguzo bapa nzito pembeni, kama kwamba msanifu hakuamini kwamba ukuta ungeweza kusimama bila kuvishwa. Miaka ishirini na kitu baadaye, kwa Gardner, amejifunza kuacha. Kati ya hizo mbili alijenga jumba la mfanyabiashara tajiri Elias Hasket Derby, lililokamilika mwaka 1799, ambalo kwa gharama na ukubwa liliipita nyumba ya Gardner. Jumba hilo lilivunjwa mwaka 1815, miaka michache tu baada ya kifo cha mjenzi wake. Warithi hawakuweza kulitunza na hakuna aliyetaka kulinunua likiwa jumba. Nyumba ya Gardner ilinusurika pengine kwa sababu ilikuwa na kiasi: mtu mmoja tajiri angeweza kuimudu.

Gardner mwenyewe hakuimudu kwa muda mrefu. Mwishoni mwa mwaka 1807 serikali ya Rais Jefferson ilipiga marufuku meli za Marekani kwenda bandari za nje, katika ugomvi na Uingereza na Ufaransa, na mji ulioishi kwa bahari ukaachwa na meli zilizofungwa gatini. Mwaka 1811 nyumba ilipita kwa shemeji yake, Nathaniel West, na mwaka 1814 ikanunuliwa na Joseph White.

Mwishoni mwa Machi

Leo nilimpelekea fundi wetu wa modeli picha za rafu za meko za sebuleni. Yeye ni mchongaji wa milango kwa ukoo, ameanza kushika patasi kabla hajajua kusoma, na nilitaka kujua kama nakshi hizo zinaweza kuonyeshwa kwa kipimo chetu au tuzichonge pembeni kwa kipimo kikubwa zaidi.

Alizitazama kwa muda, akavuta miwani juu ya paji la uso, kisha akaleta picha karibu na jicho. Pambo la katikati ni mganda wa ngano uliofungwa kiunoni, masuke yakiwa yamefunguka juu. Mahali pengine pana vikapu vya matunda na mizabibu.

“Mwanangu, huyu hakujaza,” aliniambia. “Tazama amechonga hapa, halafu pote hapa ameacha ubao mtupu. Sisi ubao mtupu twauona ni deni.”

Nilimweleza kwamba kwa McIntire ubao mtupu nao ni sehemu ya kazi. Hakukubali wala hakukataa. Alichoona, na mimi sikuwa nimekiona, ni kwamba masuke hayakuchongwa kwa kina kimoja: yale ya mbele yameinuliwa na kupigwa mviringo, na ya nyuma yamekwaruzwa tu juu ya uso wa ubao, ili mwanga wa dirisha la upande ufanye kivuli upande mmoja na kuacha mwingine ufifie. Alisema mtu aliyechonga hivyo alijua kabla ya kuanza rafu ingekaa ukuta gani na dirisha lingekuwa wapi. Nimeiandika hoja hiyo katika maelezo ya ramani ya sakafu ya chini, ambako tayari tulikuwa tumeonyesha ukumbi wa kati wenye ngazi, sebule mbili zilizofuatana upande mmoja, na chumba cha kulia chakula na jiko upande wa pili. Msanifu na mchongaji kuwa mtu mmoja ni jambo ambalo vitabu husema kwa haraka. Hapa linaonekana kwa jicho.

Tumeamua kuchonga mganda mmoja kwa ukubwa wake halisi, kwa mbao ya msonobari, na kuuweka kando ya modeli. Ndani ya modeli rafu zitakuwa bapa.

Katikati ya Aprili

Sura ya mauaji imezua mabishano kwa kuwa ndiyo inayosomeka kwa raha kuliko zote, na mhariri angependa itangulie. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1830 Joseph White, mzee wa miaka 82, mjane asiye na watoto, alipigwa rungu kichwani na kuchomwa kisu mara nyingi akiwa usingizini. Muuaji alikuwa Richard Crowninshield, mtoto wa ukoo mashuhuri wa Salem, aliyekodiwa na ndugu wawili, Joseph na Frank Knapp. Joseph Knapp alikuwa amemwoa binti wa mpwa wa White, mpwa huyo akiwa mwanamke aliyeitunza nyumba hiyo, na Knapp aliamini kwamba wosia ukitoweka na mzee akafa, nusu ya mali ingemwendea mama mkwe wake. Aliiba wosia, lakini ulikuwa wa zamani. Ule halali ulikuwa kwa wakili. Crowninshield alijinyonga gerezani kabla ya kesi. Daniel Webster, mwanasheria na seneta, aliongoza mashtaka, na ndugu hao wawili walinyongwa kabla ya mwaka huo kwisha.

Msimamo wangu ni kwamba kisa hiki kiingie pale tu kinapoeleza jengo. Na kwa bahati kinaeleza. Crowninshield hakuvunja kitu chochote. Aliingia kwa dirisha la nyuma, upande wa bustani, ambalo Joseph Knapp alikuwa ameliacha bila komeo. Uso wa mbele ulikuwa mbele ya barabara kuu ya mji, chini ya macho ya kila mpita njia. Nyuma kulikuwa na bustani na majengo ya huduma. Mgawanyo huo wa mbele na nyuma ni wa kiusanifu kabla ya kuwa wa kijinai, na mwanafunzi atakayeitazama modeli kwa kuizungusha ataelewa kwa nini njia ilikuwa ile na siyo nyingine. Kwa hiyo tutajenga pande zote nne, ingawa bajeti yetu ya kwanza ilikuwa ya uso wa mbele na ubavu mmoja.

Jambo moja zaidi kuhusu White halitaachwa. Mchungaji William Bentley, ambaye shajara yake ni chanzo kikuu cha habari za Salem ya wakati ule, aliandika kwamba White hakuona vibaya kuuza sehemu yoyote ya jamii ya binadamu. Fedha zilizonunua nyumba hii mwaka 1814 hazikuwa zote za pilipili na hariri, na msomaji wa pwani yetu ana haki ya kujua hilo kabla hajapewa sifa za nguzo na nakshi.

Wiki ya mwisho ya Mei

Tumefika kwa Pingree, na ile sentensi ya tangazo imepata hukumu yake.

David Pingree aliinunua nyumba mwaka 1834. Alikuwa mfanyabiashara wa meli, baadaye akawa mmiliki wa misitu mikubwa katika jimbo la Maine, na mwaka 1851 akawa meya wa Salem. Alikuwa pia miongoni mwa wafanyabiashara waliopeleka meli Unguja. Meli za Salem zilianza kuzoea bandari yetu katika miaka ya 1820. Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts alitia saini mjini Maskati mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa Marekani, huku akiendelea na biashara yake mwenyewe bila kificho. Walileta pamba iliyofumwa katika viwanda vya New England, kitambaa kigumu kisichopaushwa ambacho mababu zetu walikiita merikani na kukitumia hadi bara kama fedha. Walichukua pembe, ngozi, karafuu na sandarusi.

Sandarusi inastahili aya yake kwa sababu inarudi katika kazi za mbao. Ni utomvu wa miti ya kale uliozikwa ardhini, ukachimbwa Mrima kwa majembe na kusafirishwa ukiwa na ganda la udongo. Salem ilikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple kilichoisafisha kwa kuiloweka katika maji ya magadi hadi ganda liachie, na chini yake ukatokea uso wenye vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, ambao kwa wanunuzi ulikuwa dalili ya sandarusi bora. Ikayeyushwa na mafuta ya kitani, ikawa vanishi ngumu ya magari ya farasi, samani na mbao za ndani ya nyumba. Kipande cha sandarusi ambacho mwenzetu alikipata kwa muuza dawa za asili kipo mezani kwangu ninapoandika. Kina rangi ya asali nyepesi, na ndani yake amekwama mdudu mmoja mwenye mabawa.

Basi je, nyumba ilijengwa kwa utajiri wa Unguja? Tarehe zinakataa. Matofali yalikuwa yamesimama miaka 20 na zaidi kabla meli za Salem hazijaizoea njia ya Unguja, na miaka 28 kabla ya mkataba wa Maskati. Utajiri wa Gardner ulikuwa wa biashara nyingine na bahari nyingine. Kiungo chetu kipo, nacho ni cha kweli, lakini kinaanzia mwaka 1834, katika nyumba iliyokwisha kujengwa, kuuzwa mara mbili na kumwagiwa damu. Kilichotoka pwani kililipia maisha ya familia iliyoitunza, na hilo ndilo tunaloweza kuliandika bila kuona haya. Mwenzangu alisema msimamo huo unapunguza mvuto wa kijitabu. Kwangu mimi unaongeza: kujenga jumba ni jambo la mwaka mmoja au miwili, ila jumba la Derby linaonyesha kwamba lisilo na mtu wa kulilipia haliishi. Sentensi ya tangazo imefutwa, na sura ya Pingree imeongezwa kurasa sita.

Katikati ya Juni

Familia ya Pingree ilikaa na nyumba hiyo kwa takriban karne nzima, kisha mwaka 1933 ikaitoa kwa Taasisi ya Essex, jumuiya ya historia ya Salem. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kupima na kupiga picha majengo ya kihistoria nchini kote, uliowapa ajira wasanifu waliokosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi. Kumbukumbu za mpango huo, zinazohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge na kutolewa bure kwa umma, zimetufaa sana. Nyumba iliorodheshwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1970, na tangu mwaka 1992, taasisi hiyo ilipoungana na makumbusho ya Peabody, imekuwa mali ya Makumbusho ya Peabody Essex.

Kazi ya rangi ndiyo iliyotukwamisha. Kwa miongo mingi vyumba vya namna hii vilionyeshwa kwa rangi za upole, nyeupe iliyofifia na kijivu, kwa kuwa wahifadhi wa mwanzo wa karne ya 20 waliamini kwamba watu wa kale walikuwa na staha ya macho. Katika miaka ya 1980 vyumba vya nyumba hii vilirudishwa upya kwa kufuata uchunguzi wa tabaka za rangi na kumbukumbu za enzi yake, yakatokea mazulia na karatasi za ukutani za rangi kali ambazo wageni wengine hudhani ni za kisasa. Fundi wetu alipoona picha alicheka, akasema sasa anawaelewa watu hao: ubao waliuacha mtupu ili ukuta useme. Sina hakika kwamba McIntire angekubali, ila nimeomba ruhusa ya kuitumia kauli hiyo chini ya mchoro.

Tumekubaliana kupaka sebule moja tu ya modeli kwa rangi zilizorudishwa, na nyingine kuiacha mbao tupu, kila moja ikiwa na maelezo ya sababu yake. Paa litaondoka kwa mkono ili ngazi ionekane hadi juu. Ukuta wa nyuma umekwisha kukatwa. Dirisha la bustani linafunguka, na fundi amelitia komeo la waya.

Kazi za mwezi ujao: kukamilisha vichwa vya nguzo za mlangoni, ambavyo viwili vimepasuka wakati wa kuchonga na vitarudiwa kwa mbao yenye nyuzi zilizoshikana zaidi, kupata mchapaji anayeweza kutoa michoro ya kukunja bila kufifisha mistari, na kumwomba msomaji wa nje, mwenye ujuzi wa biashara ya pwani ya karne ya 19, aipitie sura ya Pingree kabla haijapangwa chapa.